Laptopu Kubwa Yenye Nguvu au Nyepesi ya Bei Nafuu? Mwongozo wa Kununua Nairobi

Ukiingia dukani Luthuli Avenue au Moi Avenue, muuzaji atakuuliza unataka prosesa (ubongo wa laptopu) ya i5 au i7, na skrini ya inchi ngapi. Usimjibu kabla hujajijibu wewe mwenyewe mambo mawili: ni programu gani nzito kuliko zote unayoifungua angalau mara moja kwa wiki, na ni siku ngapi kwa wiki laptopu hiyo itapanda matatu pamoja nawe. Majibu hayo mawili yakishapatikana, zaidi ya nusu ya laptopu zilizopangwa pale kaunta zinajiondoa zenyewe.

Word, Excel, QuickBooks, SPSS, Zoom, kuandika programu za kompyuta, kufungua tovuti ishirini kwa pamoja: hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji laptopu kubwa. Hata mchoro wa AutoCAD wa pande mbili unakwenda vizuri kwenye laptopu ya kawaida ya ofisi yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 16. Mambo hubadilika unapofika kwenye programu za usanifu wa majengo na picha za pande tatu, kama Revit yenye jengo zima, Lumion na Blender, kuhariri video ya 4K kwa DaVinci Resolve, au michezo mikubwa. Hapo unahitaji kadi ya michoro ya peke yake, ile inayoitwa GPU, na kadi hiyo ndiyo inayoleta uzito, joto, feni mbili na chaja nzito kama tofali.

Kuna kosa linalowagharimu watu pesa nyingi: mtu anataka skrini kubwa, anaishia kununua laptopu kubwa. Hizo ni haja mbili tofauti. Kama unachohitaji ni nafasi ya kutandaza majedwali ya Excel, nunua laptopu ya inchi 14 na skrini ya mezani iliyotumika ya inchi 22 au 24, uziunganishe kwa HDMI. Nyumbani unapata skrini kubwa kuliko ya laptopu yoyote, na asubuhi unatoka umebeba kilo moja na nusu.

Huu hapa mpangilio wetu, kuanzia chaguo tunaloliona bora kwa wengi.

1. Laptopu ya ofisi ya inchi 14, iliyotumika

Hizi ndizo zile za "ex-UK" zilizotoka kwenye makampuni ya Ulaya: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490. Mara nyingi bei yake hucheza kati ya shilingi 30,000 na 45,000 kulingana na RAM, betri na hali ya skrini. Kwa pesa hiyo hiyo utapata laptopu mpya dhaifu, na tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa mno. Ya ofisi ilitengenezwa kwa bawaba imara, kibodi inayobadilishika na vipuri ambavyo mafundi wa mjini wanavijua.

Usishuke chini ya prosesa ya kizazi cha nane. Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-8350U ni ya nane, i5-7200U ni ya saba. Kuanzia kizazi cha kumi, soma tarakimu mbili za kwanza: i5-1135G7 ni ya kumi na moja. Sababu za kushikilia kizazi cha nane ni mbili. Kwanza, Microsoft ilisimamisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi hicho. Muuzaji anaweza kuilazimisha iingie kwenye mashine ya kizazi cha sita, ikawaka vizuri mbele yako, halafu sasisho kubwa likagoma mwakani. Pili, i5 za laptopu nyembamba za kizazi cha sita na cha saba zina kore (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) mbili, ilhali za kizazi cha nane zina nne. Hatua hiyo utaihisi kuliko kuhama kutoka i5 kwenda i7 ndani ya kizazi kimoja, kwa hiyo ukiambiwa "hii ni i7" uliza kizazi kabla hujafurahi.

RAM iwe GB 16 ukiweza, GB 8 ukibanwa. T480, 840 G5 na Latitude 7490 zina sloti mbili (nafasi za kuchomeka RAM), na zamani ushauri ulikuwa rahisi: nunua yenye GB 8, uongeze baadaye. Lakini bei ya RAM ilipanda vibaya duniani kote mwishoni mwa 2025, kwa hiyo sasa ni afadhali kutafuta mashine ambayo tayari ina GB 16. Angalia pia herufi iliyo mwishoni mwa jina: T480s si sawa na T480. Ile ya "s" ni nyepesi zaidi, ila sehemu ya RAM imechomelewa kwenye ubao mama na imebaki sloti moja tu.

Kila moja ina udhaifu wake. T480 nyingine zilitoka na skrini ya 1366×768, iliyofifia na yenye herufi nene. Kataa, dai ya 1920×1080. T480 pia inahitaji sasisho la programu ya ndani ya Thunderbolt (inayoendesha tundu la USB-C) ambalo Lenovo ililitoa kwa sababu tundu hilo lilikuwa likiharibika na kuacha kuchaji. Lifanye wiki ya kwanza, usingoje dalili. Kwa upande mwingine, T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayochomoka, na unaweza kubadilisha ya nyuma bila kuizima. Kwa anayeishi mtaa ambao stima hupotea mara kwa mara, jambo hilo ni zito. Baadhi ya EliteBook 840 G5 zina skrini ya faragha iitwayo Sure View, iliyowekwa ili jirani asione. Hata ikiwa imezimwa, ukiitazama kwa upande rangi zinapauka. Isogeze huku na huku kabla ya kulipa.

2. Laptopu kubwa yenye kadi ya michoro, kwa kazi inayoidai

Tunaiweka ya pili kwa wote, ila kwa mwanafunzi wa usanifu majengo au mhariri wa video wa River Road ni ya kwanza bila mjadala. Njia ziko mbili.

Njia ya mtumba ni mashine za wahandisi: HP ZBook 15 G5, Dell Precision 7530, ThinkPad P52. Zinapatikana na prosesa za kore sita na sloti nne za RAM, na zimejengwa kustahimili kazi ya siku nzima. Kasoro ni kadi zake za Quadro, kama P1000 na P2000 zenye kumbukumbu ya GB 4. Kwa AutoCAD na Revit ya kiasi zinatosha. Kwa Lumion ya kisasa zinasuasua.

Njia ya pili ni laptopu mpya ya michezo: HP Victus, Lenovo LOQ, ASUS TUF. Tafuta kadi ya RTX 4050 yenye GB 6 au kadi ya juu zaidi, na ni vigumu kuipata mpya chini ya shilingi 100,000. RTX 3050 ya GB 4 itajaa mapema ukianza kutengeneza picha za majengo. Ujue pia kwamba kadi mbili zenye jina moja huenda zisilingane. RTX 4050 inaweza kuwekewa kikomo cha wati 35 kwenye laptopu nyembamba na hadi wati 115 kwenye nene, na kasi zake zitatofautiana sana. Uliza wati, au isome kwenye ukurasa wa mtengenezaji kwa kutumia namba kamili ya modeli.

Sasa gharama ambazo hazijaandikwa kwenye bei. Laptopu yenyewe ina kilo mbili na robo hadi mbili na nusu, chaja yake huongeza zaidi ya nusu kilo, na jumla inakaribia tatu. Ukiwa umesimama kwenye foleni ya matatu saa kumi na mbili jioni utazihesabu zote. Betri nayo fanyia hesabu: betri ya Wh (wati-saa) 52 ikitumiwa kwa wati 18 inakwisha chini ya saa tatu, na hapo ni kuandika tu. Ukianza kazi nzito bila umeme, mashine hujipunguzia nguvu yenyewe. Kwa maneno mengine, nguvu uliyolipia ipo pale palipo na soketi. Laptopu ya ofisi yenye betri ya Wh 50 iliyobaki na asilimia 80 ya uwezo, ikitumia wati 8, inakupa saa tano.

Mambo mawili zaidi huwaponza wanaonunua hizi. Laptopu za michezo za bei ya chini zina skrini yenye rangi hafifu. Mbuni wa mabango akiiamini, chapa itamrudia na rangi nyingine kabisa. Na nyingi huuzwa na RAM kipande kimoja. Vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa husoma njia mbili kwa wakati mmoja.

3. MacBook Air M1

Ilitoka mwishoni mwa 2020, ina kilo 1.29, haina feni, na betri yake ikiwa nzima inakufikisha jioni. Kwa kuandika, kuhariri picha na video za kiasi, ni nzuri kupita umri wake. Inashuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu RAM na diski zimechomelewa, kwa hiyo GB 8 zitabaki GB 8 hadi mwisho, na kwa sababu Revit haina toleo la Mac. Kwa iliyotumika, hakikisha akaunti ya Apple ya mwenye awali imeondolewa kabisa. Isipoondolewa, umenunua sahani ya bati.

4. Ndogo ya inchi 12 au 13

EliteBook 830 G5 ina sloti mbili za RAM, Latitude 7390 ina moja, ThinkPad X280 haina hata moja. Kama unasafiri kila siku na macho yako ni mazima, chukua 830 G5. Wengine wote, ongeza gramu mia mbili upate inchi 14.

Za kukwepa

Laptopu mpya yenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya eMMC (aina iliyochomelewa kwenye ubao) huvutia kwa sababu imefungwa kwenye boksi. Windows na masasisho yake huimeza hifadhi hiyo karibu yote, na kwa kawaida hakuna kinachoweza kuongezwa. Chromebook za mtumba nazo zina tarehe ya mwisho ya masasisho kwa kila modeli, na nyingi za bei rahisi zimeshapita. Isitoshe, fomu ya Excel ya iTax inahitaji makro (amri zinazojiendesha ndani ya Excel), na Excel ya kwenye kivinjari, ambayo ndiyo utakayoitumia kwenye Chromebook, haiziendeshi.

Kuikagua kabla ya kutoa M-Pesa

Tenga nusu saa. Duka linalokuharakisha, ondoka.

Anza na kufuli, kwa maana laptopu za makampuni hubeba minyororo ya wenyewe. Izime, iwashe ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell, uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine). Ikidai nywila, irudishe. Ukiwa humo tafuta mstari wa Absolute au Computrace, mfumo wa kufuatilia na kufunga laptopu kwa mbali. Ukisoma kwamba umewashwa, irudishe pia. Kisha omba Windows ianzishwe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Jina la kampuni ya kigeni likitokea kwenye skrini ya kuanzia, mashine hiyo bado imesajiliwa kwao na siku moja inaweza kukufungia nje.

Betri: fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha andika powercfg /batteryreport, ufungue faili itakayotajwa. Ripoti itaonyesha uwezo wa kiwandani, na chini yake uwezo wa sasa. Ukiona 50,000 na 31,000, imebaki asilimia 62. Juu ya 80 ni nzuri. Chini ya 60, dai betri nyingine au upunguziwe bei ya betri mpya.

RAM: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye sehemu ya kumbukumbu, uone jumla na idadi ya sloti zilizotumika. Jaribu kila kitufe cha kibodi, na uangalie mpangilio: zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na za Ufaransa huanza na AZERTY. Fungua picha nyeupe tupu uone madoa, kisha nyeusi uone mwanga unaovuja pembeni. Cheza video ya 1080p dakika kumi ikiwa kwenye chaja. Feni ikinguruma muda wote, vumbi limejaa au pesti ya kupoza prosesa imekauka. Ni kazi ndogo kwa fundi, ila muuzaji ndiye aigharamie.

Chaja nayo ikaguliwe. Dell isipoitambua chaja yake, hutoa onyo, hukataa kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa, na mnunuzi hudhani laptopu ni mbovu. BIOS ya Dell huonyesha wati za chaja iliyochomekwa. Zilingane na zilizoandikwa kwenye chaja yenyewe.

Risiti iandikwe namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya laptopu, muda wa waranti, na kama waranti hiyo inahusu betri na skrini, maana mara nyingi hivyo viwili huachwa nje. Kama laptopu ni ya biashara yako, dai ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA) papo hapo ukitoa PIN yako ya KRA. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo KRA haiikubali kupunguza kodi, na kumrudia muuzaji mwezi wa sita kuomba ankara ya Januari ni kazi ngumu.