Casio fx-991ES PLUS kwa hesabu za AC (mkondo geu): inunue, ila mchoro uchore mwenyewe

Kwa mwanafunzi wa umeme anayehangaika na michoro ya fezori (mishale inayoonyesha ukubwa na pembe ya volteji au mkondo), kikokotoo hiki kinastahili bei yake kwa sababu ya modi moja: CMPLX, ya namba changamano (zenye sehemu halisi na sehemu ya i). Bonyeza MODE, kisha 2. Hakikisha juu ya skrini pana herufi D. Ukikuta R, pembe zitatoka kwa radiani na mchoro wote utakwenda kombo.

Tuseme rezista ya Ω 40 imeungwa mfululizo na koili yenye riaktansi (ukinzani wake kwa AC) ya Ω 30, kwenye V 230. Andika 230÷(40+30i), herufi i ikiwa kwenye kitufe cha ENG, kisha SHIFT 2 3 na =. Unapata 4.6∠−36.87: ampea 4.6, mkondo ukiwa nyuma ya volteji kwa nyuzi 36.87. Usisahau mabano, bila hayo kinagawanya kwa 40 pekee na kutoa 5.75+30i. Sasa chora: V 184 za rezista uelekeo mmoja na mkondo, V 138 za koili nyuzi 90 mbele yake. Ukizijumlisha kienyeji zinafika 322, jambo linalowachanganya wengi. Mshale unaoziunganisha ndio wenye 230.

Kupata nguvu ya umeme, andika 230×Conjg(Ans), na Conjg, inayogeuza alama ya sehemu ya i, iko SHIFT 2 2. Jibu ni 846.4+634.8i, yaani wati (nguvu inayotumika) na VAr (nguvu inayokwenda na kurudi bila kutumika). Ukiruka Conjg, alama inageuka na koili inaonekana kama kapasita.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba pembe huwekwa kwenye robo yake sahihi. Anayetumia tan⁻¹ kwa −4−3i hupata 36.87, wakati jibu ni −143.13.

Udhaifu upo, tena si mdogo. Modi ya EQN, ya kutatua milinganyo, haipokei namba changamano, kwa hiyo saketi ya vitanzi viwili haitatuliwi moja kwa moja. Njia ni kubaki CMPLX, kuhifadhi vizidishi vinne vya milinganyo miwili ya vitanzi kwenye A, B, C, D na volteji kwenye E na F, kisha mkondo wa kwanza ni (ED−BF)÷(AD−BC). Inachosha, lakini inafanya kazi.

Dukani usichanganye na fx-82, haina CMPLX kabisa. fx-570ES PLUS inayo ileile, bila sola.