Mashine ya mkono ya kusagia nyama

Mashine hii ya chuma kizito, inayofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, niliinunua katika duka la vyombo karibu na soko la Mwanjelwa, na ninaipendekeza kwa yeyote anayethamini rojo zito la nyama ya kusaga. Faida yake kubwa ni kwamba unachagua mwenyewe mnofu na kiasi cha mafuta, kisha unatumia sahani yenye matundu makubwa, ili chembe za nyama zisipotee hata zikikaa motoni muda mrefu pamoja na maharage, nyanya, bizari nyembamba, mdalasini na pilipili kichaa. Muda huo hauepukiki hapa Mbeya: kwa kuwa tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, na maharage huchelewa kuiva, ni vyema yaive kwanza peke yake, kwani asidi ya nyanya huyakawiza zaidi.

Nyama iwe baridi sana kabla ya kusagwa, la sivyo mafuta hulainika na kuziba matundu. Kasoro ya mashine ni kutu: lazima ikaushwe mara tu baada ya kuoshwa, kisha ipakwe mafuta ya kula. Meza nyembamba nayo huyumba. Kabla ya kulipa, hakikisha kisu cha mashine kinalala sawasawa juu ya sahani yake yenye matundu, maana kisipogusana nayo vizuri huponda nyama badala ya kuikata.