Nyonga Iliuma, Kumbe Kisa ni Kifundo cha Mguu: Uzoefu Wangu wa Fiziotherapia

Kwa karibu miaka 2 nyonga yangu ya kulia ilikuwa ikiuma, na siku mbaya maumivu yalipanda hadi kiunoni. Nilikandwa, nikabadilisha godoro, nikachua dawa za kila aina. Nafuu ilikuwa ya siku mbili tatu tu. Nilipoenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia nilitaka nyonga na kiuno vishughulikiwe, basi.

Kabla ya kunigusa aliuliza kama miguu inakufa ganzi, kama maumivu yananiamsha usiku, kama nimepungua uzito au kupata homa. Nilithamini sana maswali hayo, maana nyonga huuma kwa sababu nyingi na nyingine zinataka daktari kwanza. Halafu akaomba viatu vyangu avitazame. Soli ya kulia ilikuwa imelika upande mmoja kuliko mwenzake. Akauliza, "Mguu huu uliwahi kuumia?" Ndiyo, miaka 11 nyuma niliteguka kifundo nikicheza mpira. Nikafunga bandeji, uvimbe ulipoisha nikarudi uwanjani. Mazoezi ya kukirudisha kifundo sikuyafanya hata siku moja.

Vipimo viwili vikanifungua macho. Cha kwanza, unasimama mbele ya ukuta na kusogeza goti liuguse bila kisigino kunyanyuka. Mguu wa kushoto niliweza vidole vikiwa sentimita 11 kutoka ukutani. Wa kulia, sentimita 5. Cha pili, kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Wa kulia uliyumba karibu papo hapo.

Alinieleza hivi: ligamenti, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa, zikivutika, zile hisia zinazoujulisha ubongo mguu umekaaje nazo hupungua. Kifundo kikibaki kigumu, kisigino huwahi kunyanyuka unapotembea, wayo hugeukia nje, goti huelekea ndani, na misuli ya nyonga hubeba kazi isiyo yake. Zidisha hilo kwa maelfu ya hatua kila siku.

Nilihudhuria mara 8 ndani ya wiki 10. Alikilegeza kifundo kwa mikono, lakini kazi kubwa ilikuwa yangu nyumbani: kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kupanda juu ya vidole na kushuka polepole, kusimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, na mazoezi ya misuli ya makalio. Wiki 3 za kwanza sikuona badiliko lolote kwenye nyonga na nilikaribia kuacha. Wiki ya 5 nikagundua nimelala ubavu wa kulia usiku mzima.

Lawama ninayo moja. Karatasi ya mazoezi niliyopewa ilikuwa na picha tupu, bila idadi wala mwendo. Ningekuwa sikurekodi maelekezo kwenye simu, ningeyafanya vibaya. Omba uandikiwe kila kitu.

Nawashauri wenye maumivu ya goti, nyonga au kiuno yasiyoisha, na waliowahi kuteguka, wamtajie mtaalamu jeraha hilo hata kama ni la zamani. Mimi nisingelitaja kama nisingeulizwa. Sasa ukutani nafika sentimita 9. Nikiendesha gari muda mrefu nyonga bado hukaza kidogo, ila ngazi napanda bila kushika kitu.