Jezi ya basketi ya Skyforce niliyookota soko la Kibuye, Kisumu, kwa 350

Hii jezi nimeivaa miezi minne na nimeifua si chini ya mara kumi na tano, kwa hivyo naongea kitu nimejaribu mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, nikafika Kibuye saa moja na nusu asubuhi, belo ndio zinafunguliwa, kuna mama mmoja huuza jezi tupu. Za mpira wa miguu ndio huwa juu, Arsenal na Man U watu wanavutana nazo, za basketi anaziacha chini kwa gunia, juu ati hazitoki haraka. Nikachimbua nikatoa moja nyekundu imeandikwa Skyforce kifuani, hiyo ni timu ndogo ya basketi ya Marekani. Kijana alikuwa kando yangu akaishika akairudisha, akasema hiyo timu hata haijui. Mimi nilikuwa naijua. Nikamwambia mama mia tatu, akaniambia "nyathina, hiyo ni kamera kabisa, leta mia nne", yaani mtoto wangu, hiyo ni mtumba wa daraja la kwanza, tukakutana 350, nikalipa kwa M-Pesa.

Wacha nianze na kitambaa. Namba haijapigwa pasi, imeshonwa, tabaka moja juu ya ingine, ukipitisha kidole unasikia uzi kwa kila ukingo. Mwaka jana nilinunua Lakers mpya kwa duka moja hapa town, sitaitaja, 1,200 nzima, kufua mara ya tatu namba ikaanza kupasuka kama udongo wa kiangazi na kwapa ikafumuka. Hii ya mtumba haijatoa hata uzi moja. Lebo ya ndani inasema 48 na +2, hiyo +2 ni inchi mbili za urefu zilizoongezwa, kwa hivyo kama wewe ni mfupi itakufika mapajani, mimi naichomeka tu kwa kaptura. Alafu kuna beji ya D-League, ligi ndogo ya NBA ya kukuza wachezaji, na hapo ndio unajua umri wake, juu ligi ilibadilisha jina ikawa G League mwaka wa 2017, kwa hivyo hii ni ya kabla ya hapo.

Sasa hiyo timu yenyewe. Sioux Falls Skyforce wako Sioux Falls, jimbo la South Dakota, mji wenye watu karibu laki mbili hivi, na walianza 1989 kwa ligi ya kulipwa ilikuwa inaitwa CBA, Continental Basketball Association. Hiyo CBA ni mzee kuliko NBA, ilianza Aprili 1946 na NBA ikaanza Juni mwaka huohuo, na kwa miaka mingi ilikuwa na hesabu yake ya pointi, mechi moja inatoa pointi saba, tatu za kushinda mechi na moja kwa kila kota, yaani robo ya mechi, umeshinda, maana yake hata kama umeshapigwa vibaya bado unapigania kota ya mwisho. Naipenda sana hiyo sheria, natamani tungeijaribu kwa ligi zetu za mtaa, watu wasiache kukimbia wakiwa chini pointi thelathini. Skyforce walichukua ubingwa 1996. Isiah Thomas, aliyekuwa nyota wa NBA, akainunua CBA yote 1999, na Februari 2001 ikasimama katikati ya msimu, timu kadhaa zikapotea hapo. Skyforce wakaenda kumalizia msimu kwa ligi ingine, CBA ilipofufuka wakarudi, wakabeba tena 2005 wakiwa na kochi Dave Joerger, huyo aliyekuja kufundisha Memphis kule NBA. 2006 wakahamia D-League. Ligi zinakufa zinabadilika majina, timu ni ileile, mji ni uleule, na hiyo kwa timu ndogo ni kitu ngumu sana, sisi tunajua, timu zetu kubwa kama KPA na Ulinzi zinasimama juu kuna bandari na jeshi nyuma yao. Skyforce nao, Miami Heat ya NBA walikuja kuwanunua 2017, lakini kabla ya hapo walikuwa wameshashikana nao, na 2016 walimaliza msimu wa kawaida wameshinda 40 wakapoteza 10, wakamaliza kazi kwa kuwapiga Los Angeles D-Fenders kwa fainali.

Duncan Robinson alipita hapo msimu wa 2018/19, mtu ambaye hakuna timu ilimchagua kwa drafti, pale timu za NBA huchagua wachezaji wapya, na 2020 alikuwa anacheza fainali za NBA. Hassan Whiteside, mwingine aliyefika NBA, pia alipita.

Kitu kimenishika zaidi kiko mgongoni. Jina limefumuliwa. Ukiinua jezi kwa mwanga wa dirisha unaona vitundu vya sindano vimejipanga kwa upinde juu ya namba, nimehesabu nafasi ya herufi saba, labda nane, kusoma haisomeki. Nadhani huyo mchezaji aliondoka wakatoa jina lake ili mwingine aivae. Sijui kama alipanda NBA ama alirudishwa nyumbani, na kila nikiivaa kwenda kwa kiwanja namfikiria.

Huduma ya mama ni nzuri, ana subira, anakuacha uchambue bila kukusukuma, na akijua unataka basketi anakuwekea kando. Shida ni mbili: mahali pa kujaribia hakuna, unaivalia tu juu ya shati lako mbele ya watu, na ukishatoka nayo hairudishwi, hiyo anakuambia mapema kabla hujalipa. Mvua ikinyesha pia usijisumbue, gunia linakaa kwa matope.

Enda kabla ya saa mbili. Usiangalie jina la timu kwanza, pindua ndani uangalie ushonaji wa namba, kisha lebo. Jumapili iliyopita aliniwekea ingine ya D-League, ya kijani, kwapa limechanika kidogo tu, anataka mia mbili, nimemwambia anishikie hadi wikendi.