Leza ya "wati 40": nimeifungua kichwa tuone joto linakwenda wapi

Haya, karibuni tena mezani kwangu. Leo nina kichwa cha leza ya dayodi, hii ya buluu ya kuchongea mbao. Boksi limeandikwa wati 40. Msihadaike jamani, hizo 40 ni umeme unaoingia. Mwanga unaotoka ni wati 10 hivi, na karibu zote zilizobaki ni joto, tena sehemu kubwa inazaliwa ndani ya vipande viwili vya kristali, ndizo dayodi zenyewe zinazotoa mwanga, ambavyo ukiviweka kando ya punje ya mchele, punje ni jitu.

Ngoja nisogeze kamera. Skrubu nne, kofia hii hapa. Dayodi zimekaa kwenye shaba, hapo nawapa heko. Sasa tazama shaba inapokutana na hii hitisinki ya aluminiamu, yaani kipande chenye mapezi cha kutolea joto nje. Pesti ya kupitishia joto imepakwa kona moja tu! Kwingine kote ni hewa, na hewa ni blanketi. Feni itavuma mpaka ichoke, joto halifiki kwenye mapezi.

Na dayodi ikipata moto, umeme ni uleule ila mwanga unapungua, kisha kilichopungua nacho kinageuka joto. Ni mkopo wa kausha damu. Hata leza ya dayodi ya kwanza kabisa, ya Robert Hall kule Marekani mwaka 1962, ilibidi ipozwe kwa naitrojeni kimiminika. Kuwaka mfululizo kwenye joto la chumba kulisubiri hadi 1970.

Kabla sijaifungua nilichonga kibao cha mninga, dakika 40. Herufi za mwanzo nyeusi tii, za mwisho rangi ya chai ya maziwa. Nikailaumu mbao, maskini. Nimefuta pesti, nimepaka tabaka jembamba la ile ya kompyuta, nimerudia maandishi yaleyale: herufi ya kwanza na ya mwisho huzitofautishi.

Ila feni haifanyi muujiza. Dar mwezi wa pili hewa yenyewe inaingia na nyuzi 32, kwa hiyo kazi ndefu naigawa. Masizi kwenye mapezi nayapuliza kila wiki. Miwani ya kukinga macho na leza sivui.

Kwa bei hii ninunue tena? Ndiyo, kama bisibisi unaishika bila woga, na ujue waranti imekufa hapo hapo. Muuzaji nilimpigia kuhusu ile pesti. Akaniuliza, "Fundi, kwani haiwaki?"

Inawaka, kaka.