Uzoefu wangu: Msikiti wa Süleymaniye, Istanbul

Kuingia ni bure, na jengo lenyewe nalipatia alama zote. Lilijengwa kati ya 1550 na 1557, na cha kutazama kwanza ni namna msanifu wake, Mimar Sinan, alivyoibeba kuba. Upana wake ni kama mita 26.5, na kilele kiko mita 53 juu ya sakafu, yaani mara mbili ya upana. Mzigo unashukia nguzo nne nene. Upande wa kibla na upande wa mlangoni kuna nusu kuba za kuipokea. Taabu iko ubavuni, ambako nusu kuba hamna na uzito unausukuma ukuta nje. Hapo Sinan aliweka viegemeo vizito vya mawe, vimetokeza nusu ndani nusu nje ya ukuta, kisha akavificha kwa baraza zenye safu za nguzo. Kwa hiyo kabla hujavua viatu, zunguka ubavuni uzione baraza hizo. Mabomba ya udhu yako huko huko.

Minara ni minne, roshani zake jumla kumi: Suleiman, aliyeagiza msikiti ujengwe, alikuwa sultani wa kumi wa Uthmaniya, na wa nne tangu Istanbul itekwe.

Ndani, watalii huishia kwenye uzio. Anayekuja kuswali hupita. Vigae vya İznik, mji uliosifika kwa vigae, viko ukuta wa kibla tu, basi ukibaki nyuma utaviona kwa mbali. Taa zinaning'inia chini kwa nyaya ndefu, na ndizo zinazoharibu picha nyingi. Elekeza kamera juu zaidi. Michoro ya kubani usidhani yote ni ya enzi za Sinan: tetemeko la 1766 liliangusha sehemu ya kuba, na rangi zimerudiwa zaidi ya mara moja.

Ninachokistaajabia kuliko vyote ni chumba kilicho juu ya mlango mkuu. Mkondo wa hewa ulipeleka humo masizi ya taa za mafuta, yakakusanywa kutengenezea wino.

Usiende Ijumaa kabla ya adhuhuri. Wanawake wabebe mtandio. Shuka kituo cha metro cha Vezneciler; kupanda kwa miguu kutoka Eminönü, mtaa wa chini ufukweni, ni mlima mkali.

Makaburi ya Suleiman na mkewe Hürrem yako nyuma, upande wa kibla. La Sinan ni dogo, nje ya ukuta kwenye kona ya kaskazini, na wengi hulipita bila kujua.