Shule ya masista hapa Malindi, mwanangu Muislamu na huu mwaka wa nne

Kila nikikaa nje ya madrasa na wamama wenzangu kungoja watoto swali ni lile lile, kwani ni kweli wewe mtoto umempeleka kwa masista? Ni kweli. Aliingia gredi ya pili 2023, sasa yuko ya tano, na leo nataka niandike yote manake nimechoka kujibu nusu nusu pale barazani. Jina la shule sitalitaja kwa sababu kuna mambo nitayasema hapa ambayo wenyewe nimeshawaambia uso kwa uso na mengine bado hawajayatengeneza. Lakini ni ya praiveti, ya parokia, masista ndio wanaoiendesha, siyo zile za serikali ambazo kanisa ni mfadhili tu. Hiyo tofauti muijue mapema, wengi wanaona msalaba getini wanadhani ni shule ya umma kisha wakifika ofisini wanashtuka. Mimi nalipa 14,500 kwa muhula, chakula cha mchana ndani, gari mbali.

Nianze na kusoma kwa sababu ndiyo iliyonifanya nibaki. Mwanangu alipofika pale alikuwa anasoma vizuri sana, au ndivyo nilivyoamini, anafungua kitabu anakwenda mpaka mwisho bila kusita. Wiki ya pili mwalimu wake akaniita, akamuweka mtoto mbele yangu, akafungua ukurasa na akaifunika ile picha kwa kiganja. Mtoto kimya. Akahamisha kiganja picha ikaonekana, mtoto huyoo anasoma. Kumbe alikuwa ameshika kila kitu kichwani kwa kufuata picha, herufi hazijui, na shule aliyotoka kila muhula nilikuwa naletewa ripoti imeandikwa kufikisha matarajio! Nililia pale pale sikujali. Mwalimu hakunilaumu wala hakumlaumu mtoto, alisema tu tutaanza nyuma, na wakaanza nyuma kweli, ba be bi bo bu, kila siku baada ya chakula dakika 20 maktabani yeye na wenzake watatu. Muhula wa tatu akawa anamsomea bibi yake maandishi ya kwenye chupa ya dawa, moja mara tatu, baada ya kula. Hakuna hela ya ziada niliyodaiwa kwa hilo.

Hiyo maktaba yenyewe ni chumba kidogo, rafu za mbao, mikeka chini, feni moja, vitabu vingine vimetoka kurasa vimeshonwa na uzi. Lakini iko wazi, watoto wanaingia, Ijumaa wanaazima vitabu na kuandika wenyewe kwenye daftari. Nimeona shule za karo kubwa kuliko hii zina maktaba ya vioo imefungwa kufuli.

Na kiboko hakuna. Najua kilipigwa marufuku Kenya tangu 2001 lakini sote twajua kinavyotembea mashuleni, sasa miaka minne mwanangu hajarudi na alama hata moja na adhabu yake kubwa kufikia sasa ilikuwa kumwagilia miti.

Haya, mabaya. Kompyuta tunalipishwa 1,000 kila muhula na zinazowaka ni tano, darasa lina watoto 38, piga hesabu mwenyewe mtoto anaigusa mara ngapi. Maabara ndiyo kabisa, tangu serikali iseme gredi ya 7 mpaka ya 9 zikae shule za msingi wamechukua stoo wakaipaka rangi, sinki ipo mfereji haupo, meza mbili, na kila mkutano wa wazazi tunaambiwa fundi anakuja. Mwenye mtoto wa junia asiridhike na kuonyeshwa mlango, aingie ndani. Vyoo vya wasichana mwaka jana mlango mmoja haukuwa na komeo, wasichana walikuwa wanashikiana mlango kwa zamu, na wengine wakawa hawanywi maji asubuhi ili wasiende. Hilo nililipeleka kwa sista mkuu mwenyewe, akatoka ofisini tukaenda tukaona pamoja, komeo ikafungwa wiki ile ile. Maji ya kisima yana chumvi kwa hiyo mpe mtoto chupa yake. Gari nilishalitoa, siku moja lilimshusha mtoto stendi siyo na akakaa kwa muuza mahamri mpaka saa kumi na mbili jioni, sasa anapanda tuktuk na watoto wa jirani tunachangiana.

Sasa la dini ambalo ndilo mnaloniuliza. CRE, yaani somo la dini ya Kikristo, ndiyo inayofundishwa, mwalimu wa IRE, la dini ya Kiislamu, hakuna, hawakunificha na mimi siwafichi. Madrasa tunajipangia wenyewe jioni na wikendi. Mtandio mweupe anaruhusiwa, lakini usidhani kila shule ya kanisa ni hivyo, kesi ya hijabu ya shule moja ya kanisa kule Isiolo ilifika mpaka Mahakama ya Juu 2019 na bado kila shule ina msimamo wake, uliza kabla hujanunua yunifomu. Wavulana wakubwa wanaandikiwa ruhusa kwenda kuswali Ijumaa. Misa ya shule inapokuwepo wa kwetu wanakaa maktabani na mwalimu mmoja.

Saa sita mchana kuna ringi ya lori imetundikwa kwenye mwarobaini, mtoto wa zamu anaigonga kwa chuma, na hapo shule nzima inasimama palipo, aliyekuwa anakimbia anaganda na mpira mkononi, mpishi anaweka mwiko chini. Wakatoliki wanasali Malaika wa Bwana. Mwanangu nilimuuliza wewe hapo wafanyaje, akanambia nasimama tu mama, nasema subhanallah moyoni mpaka wamalize. Nilimwacha hivyo hivyo.

Mwaka 2025 Ramadhani iliingia mwanzo wa mwezi wa tatu na Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki wanapoanza mfungo wao wa Kwaresima, ikawa tarehe 5 mwezi huo huo, basi darasani wengine wanafunga kwa Kwaresima wengine kwa Ramadhani, na ile saa ya chakula waliofunga wote walipelekwa maktabani chini ya feni wakae pamoja. Mwanangu alikuja na orodha ya nani ameweza na nani ameshindwa, bila kujali nani wa wapi. Za boksi la Kwaresima alitaka kutia na yeye, shilingi 20, nikampa, sadaka ni sadaka.

Na kila mwaka wanatembezwa kwa miguu mpaka kile kikanisa cha Wareno chenye makuti karibu na bahari, wanaambiwa habari za padri Fransisko Ksaveri aliyepita hapa Malindi 1542 akienda India. Mwalimu aliwasimulia kuwa yule padri aliandika barua, na ndani yake mzee mmoja Muislamu wa hapa alimlalamikia kuwa mji una misikiti 17 na inayoswaliwa ni mitatu tu. Mtoto alirudi na hilo mbio, hata viatu hajavua, kamuuliza bibi yake siku hizi inayoswaliwa ni mingapi. Mama yangu alicheka kisha akanyamaza, na alfajiri ya kesho yake nikamsikia anamwamsha kaka yangu aende msikitini, jambo ambalo alikuwa ameshaliacha.

Nafasi wanachukua kuanzia mwezi wa kumi, beba cheti cha kuzaliwa na ripoti ya mwisho, na nendeni saa ya chakula siyo saa ya ofisi muone vyoo, maji na ile stoo. Mdogo wake nimeshamuandikisha PP1, chekechea, fomu ya gari sikujaza.